Chumba cha Mzazi Kisinuke Thina



Sisi kazi yetu ni kushona mapazia, mashuka ya harusi, vyandarua na mito ya watoto. Kwa hivyo huingia vyumbani mwa watu mwisho kabisa, baada ya seremala, baada ya fundi umeme, baada ya fundi rangi. Tunafika na nguo zetu zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, na mara nyingi kinachotupokea mlangoni ni harufu. Kitanda kinang'aa mpaka unajiona uso, kabati linang'aa, mlango unang'aa, na macho yanatuwasha kabla hatujatoa salamu. Tukimaliza kutundika, mapazia mapya nayo yameshanuka thina.

Mapazia yanafuliwa, hayo si neno. La kutafakari ni nani anayelala humo.

Hapa visiwani kuna vyumba viwili vinavyopakwa rangi kwa haraka kuliko vyote: chumba cha bibi harusi na chumba cha mzazi. Na ndivyo hivyo hivyo viwili ambavyo mwanamke huingizwa akakaa ndani. Bibi harusi ana fungate yake ya siku saba. Mzazi ana arubaini yake, na hayuko peke yake, ana kichanga ubavuni. Madirisha yanafungwa ili mtoto asipigwe na upepo, pazia linashushwa, chetezo kinaletwa. Juu ya hayo yote, samadari ya bibi imepakwa vanishi ya mafuta juzi, na kitanda cha mtoto kimepigwa rangi ya mafuta jana, ili wageni wakija kutazama mtoto wakute nyumba imetengenezwa.

Rai yetu ni kwamba mbao za vyumba hivi viwili zipakwe rangi na vanishi za maji, na zipakwe mapema. Za mafuta zibaki kwa mageti, madirisha ya nje na vyombo vya baharini. Tunajua mafundi wengi watatupinga, na baadhi ya hoja zao zina haki. Tutazifikia.

Kwanza tuelewe tofauti. Rangi ya mafuta imeyeyushwa kwa thina au kitu cha jamii yake. Ukishaipaka, ile thina inaondoka, na inapoondoka haiendi mbinguni, inaingia kwenye hewa ya chumba. Ndiyo inayoleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Harufu inaendelea siku nyingi, na chumba kikifungwa inakaa zaidi. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi, na kwa uzito wake mdogo anavuta hewa nyingi zaidi. Rangi ya maji utomvu wake uko katika chembe ndogo sana zinazoelea majini. Maji yakiondoka chembe zinasogeleana na kushikana, zinakuwa ngozi moja juu ya ubao. Si kwamba haina kemikali kabisa. Ina kidogo, na ina harufu yake, kwa hivyo madirisha yafunguliwe vilevile. Lakini ukiingia chumba kilichopakwa ya maji na kile kilichopakwa ya mafuta, hutahitaji kuelezwa.

Halafu kuna moto. Sisi ni watu wa udi na buhuri, na mkaa hauondoki katika chumba cha mzazi. Mvuke wa thina unashika moto. Chetezo chenye makaa mekundu ndani ya chumba kilichofungwa ambacho kimepakwa rangi ya mafuta asubuhi ile ile si kitu cha kufanyia mzaha. Hata vitambaa vilivyofutia mafuta ya kupakia mbao, hasa yale ya kitani, vikikunjwa na kutupwa pembeni vinaweza kujipasha joto vyenyewe mpaka vikawaka. Vitandazwe nje vikauke, au viloweshwe maji kabla ya kutupwa.

La tatu ni risasi, tunakusudia yale madini. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile kali za njano, nyekundu na kijani, zilikuwa zikitiwa risasi ili rangi ikolee na ikauke upesi. Marekani iliizuia katika rangi za majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na kilichoharibika hakirudi. Sasa fikirini mtoto anayeota meno: anashika ukingo wa kitanda chake na kuutafuna kutwa. Kitanda hicho kimerithiwa, kimelaza watoto wa shangazi na wa mama mdogo, na kila uzazi kimeongezwa koti moja la rangi ya kung'aa. Rangi za maji za nyumbani kwa kawaida hazitiwi risasi. Hata hivyo angalieni kopo liwe na alama ya TBS au ZBS na maandishi yanayosomeka. Rangi iliyomiminwa kwenye kopo lisilo na jina, hata muuzaji akiapa, iacheni dukani kwake.

Tuje kwa mafundi. Wanasema rangi ya maji ni ya ukuta, ukiitia kwenye mbao inabanduka. Ni kweli ukichukua ile ile ya ukutani ukaipaka kitandani. Ya ukuta haikutengenezwa kukalia, kuegemea wala kufutwa kila siku. Lakini ziko rangi za maji na vanishi za maji za mbao, ni kitu kingine. Si kila duka la hapa linazo, na nyingine huagizwa Dar zikaja na boti, kwa hivyo uliza mapema. Kama huna hakika ni ya aina gani, soma nyuma ya kopo wanaposema usafishe brashi kwa nini. Wakisema maji na sabuni, ni ya maji. Wakisema thina au tapentaini, ni ya mafuta, hata kama picha ya mbele ina majani na maua.

Wanasema pia haing'ai. Ziko zinazong'aa na ziko zilizopoa, chagua upendayo. Sisi tunaona zile za mng'ao wa wastani ndizo zinazopendeza kwenye kitanda, na hazionyeshi kila mkwaruzo. Tena rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano, hasa sehemu isiyopata mwanga kama nyuma ya mlango wa kabati. Nyeupe ya maji inabaki nyeupe.

Wanasema ni ghali. Hapo hatubishani, kopo la vanishi ya maji lina bei kuliko la mafuta. Ila hununui thina, na kitanda kimoja hakimalizi kopo kubwa.

Hoja ambayo fundi hasemi ni kwamba ya maji inataka subira katika matayarisho, naye amelipwa kwa kazi, si kwa siku. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, halafu lawama anapewa kopo. Nasi tunaamini mwanamke anayejua kushona anaweza kazi hii kwa mikono yake, maana mantiki yake tunaijua.

Kitambaa cha pamba hukikati kabla ya kukirowesha. Unakitia maji kiruke kinaporuka, unakianika, unakipiga pasi, ndipo unapima. Ubao ni vivyo hivyo. Ukipaka kitu cha maji juu ya ubao mkavu, nyuzi zake zinakunywa na kusimama, na kesho yake ukipitisha kiganja utadhani unapapasa ndevu za siku tatu. Basi zisimamishe mwenyewe mapema. Piga msasa, futa vumbi, pitisha kitambaa kilichokamuliwa maji, uache ukauke kabisa, kisha piga msasa laini, namba 220 hivi, kwa kufuata mkondo wa ubao. Usikate mkondo, kama usivyokata kitambaa kinyume cha uzi. Baada ya koti la kwanza utapitisha tena msasa laini kidogo, na hapo ubao unakuwa kama hariri.

Zipo mbao zenye tabia zake. Msaji una mafuta yake ya asili, na rangi ya maji haiyapendi. Ufute kwa spiriti, ukauke, upake bila kukawia. Mvule na mninga zina maji ya rangi ndani yake, na ukizipaka nyeupe moja kwa moja utaona madoa ya hudhurungi yanapanda juu kama chai kwenye kanga. Zinataka koti la chini la kuzuia madoa, pengine mawili. (Ukituuliza, kuupaka mninga rangi nyeupe ni kuuonea. Utie vanishi uonekane ulivyo.) Na zile kabati za MDF zinazokuja zimefungwa kwenye maboksi, kingo zake zikinywa maji huvimba na hazirudi, kwa hivyo zizibwe kwanza kwa koti la chini linalofaa.

Kitanda cha zamani kilichokwishapakwa mafuta ndicho kigumu zaidi. Ya maji haishiki juu ya kitu kinachong'aa na chenye grisi. Ukitaka kujua kilichopo juu yake, lowesha pamba kwa spiriti usugue mahali pasipoonekana. Ikilainika na kuacha rangi kwenye pamba, kilipakwa ya maji. Isipotikisika, ni ya mafuta. Basi kioshe kwa sabuni, kisuuze kwa maji baridi, na kama nyumba iko pwani usuuze mara mbili, chumvi ya bahari inakaa juu ya mbao hata kama huioni. Halafu upunguze mng'ao kwa msasa, utie koti la chini la kushikisha. Lakini kama rangi hiyo ni ya miaka mingi, msasa usipigwe mkavu. Vumbi lake ndilo linaloweza kuwa na risasi. Ulowesheni uso, mpige msasa wa maji, kazi ifanyike nje na barakoa puani, watoto wasiwepo, na matambara yote yatupwe. Mwenye mimba asishike kabisa kazi hiyo, hata akijisikia ana nguvu.

Steel wool, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, msizitumie kabla ya vanishi ya maji. Vipande vidogo vinabaki ndani ya ubao, vinashika kutu, na baada ya muda kitanda kina nuktanukta nyeusi.

Kupaka kwenyewe ni kwepesi. Brashi iwe ya nyuzi za plastiki, maana za manyoya zinakunywa maji na kulegea. Ichovye majini kwanza, uikamue. Vanishi usiitikise, itajaa mapovu, ikoroge taratibu mpaka chini. Usishtuke ukiiona nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa safi kama kioo. Paka nyembamba, na ukishapitisha usirudi nyuma kurekebisha inapoanza kushika, maana ndipo alama za brashi zinapozaliwa. Makoti matatu membamba yanashinda moja zito, na kwa kitu kinachoguswa kila siku, kama ubao wa kichwani wa kitanda, tia la nne.

Hali ya hewa yetu ina neno. Masika hewa imejaa maji, na ya kwenye rangi hayana pa kwenda, kwa hivyo koti linabaki laini siku nzima, pengine na uvundo. Kaskazi jua ni kali, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijajitandaza, kwa hivyo fanya asubuhi, kivulini. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, ndiyo mizuri. Mtoto hachagui msimu, hilo tunalijua, lakini mimba inatupa miezi ya kujipanga.

Maana jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: ya maji inakauka juu kwa saa moja au mbili, na unaweza kutia koti la pili siku ile ile kama kopo linavyoelekeza, lakini kukomaa kwake kunachukua wiki mbili mpaka nne. Ukiweka chombo cha maua juu ya kabati siku ya pili kitagandia. Ukiliacha pazia lishikane na kizingiti, litaacha alama ya uzi wake mle. Tumeyaona hayo kwenye nyumba za wateja, na watu wakadhani rangi ni mbovu. Kwa hivyo chumba cha mzazi kimalizwe wiki nne kabla ya siku aliyopewa kliniki, na kama watoto wake wana desturi ya kuwahi, kiwe kabla ya hapo.

Na kuna suala la udhu. Dada mmoja alituuliza kama anaweza kupaka mwenyewe na sala zake zikaenda sawa. Rangi ya mafuta ikigandia mkononi inazuia maji kufika kwenye ngozi, na kuitoa ni kujisugua kwa thina mpaka mkono uchubuke. Ya maji ikiwa bado mbichi inatoka kwa sabuni tu. Ikikauka nayo inakuwa ngozi, lazima ibanduliwe. Vaa glovu, na ukimaliza kila koti nenda ukanawe kabla ya adhana, usingoje. Kucha ndizo zinazosahauliwa.

Tuseme pia tusipotaka mkono ufike. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe si ya kujaribia brashi. Mji ule umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka ya hifadhi ya kuuliza kabla ya kugusa. Vanishi nene ikiingia kwenye mifereji ya nakshi inaziba kazi ya fundi aliyekaa miezi na patasi. Na kwa vyombo vya baharini wazee wetu walikuwa na sifa, mafuta ya ini la papa, na hatuna ubavu wa kuwafundisha mabaharia. Harufu ya sifa lakini, Mungu atunusuru, nayo isiingie chumba cha mzazi.

Linalobaki ni nani anayenunua kopo. Katika nyumba nyingi baba anampa fundi pesa, fundi anakwenda dukani peke yake, anarudi na alichozoea na kibaba cha thina. Mwanamke atakayelala humo siku arubaini hakuulizwa ila rangi gani anaipenda. Dada, sema mapema na mwenzio. Huna haja ya kugombana. Mwambie daktari anasema moshi na harufu kali hazimfai mtoto, na hilo hakuna daktari atakayelikanusha. Kwa umri ule mkwe anasikilizwa kuliko sisi, kwa hivyo mshirikisheni yeye kwanza, naye amelea watoto vyumbani humo humo na anaijua kero ya harufu. Kopo linunueni nyinyi, mkaangalie maandishi ya nyuma. Fundi akija mkabidhini kopo, brashi mpya na msasa wa 220, na mlipeni kwa siku, si kwa kazi, ili asione hasara kungoja ubao ukauke. Akisema hajawahi kuitumia, mwambieni aanzie kwa kigoda cha jikoni, kikauke, akikwaruze kwa ukucha. Tukifanya hivyo kwa wateja wetu, wengi wa mafundi hutuuliza kopo limenunuliwa wapi.

Na brashi zikioshwa, yale maji yasimwagwe karibu na kisima.